Mita kumi za Mwanjelwa: kusoma sosholojia ya miji ukiwa mtandaoni

Ujumbe uliingia saa nne na nusu usiku, muda ambao wanafunzi wangu wengi ndiyo kwanza wametua mizigo ya siku. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, Mwanjelwa inaingia kwenye duara lipi?" Mwanjelwa ni eneo la soko na pilikapilika jijini Mbeya. Chini ya ujumbe kulikuwa na picha ya ukurasa wa daftari. Aliyeuliza ni mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Ilomba, hapa hapa Mbeya, na anasoma shahada kwa njia ya mtandao. Alikuwa amechora maduara matano, moja ndani ya jingine, kama alivyoyaona kwenye somo la tatu. Ndani yake alikuwa akipanga maeneo ya Mbeya: katikati kaandika Uhindini, pembeni kabisa kaandika Uyole. Mwanjelwa imebaki nje ya mchoro, kwa penseli, na alama ya kuuliza mbele yake.

Ninafundisha sosholojia ya miji kwa watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona ana kwa ana. Wako Tunduma, Chunya, Makambako, Mafinga, Tukuyu. Karibu kila muhula kuna mmoja anayekwama palepale alipokwama mwalimu huyu, na mimi hufurahi sana akikwama, kwa sababu ile alama ya kuuliza ndiyo mlango wa kozi yenyewe.

Maduara ni ya Ernest Burgess, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Aliyachapisha mwaka 1925 akiitazama Chicago, mji uliokuwa na watu kama 112,000 mwaka 1860 na ambao kufikia 1920 ulikuwa umevuka milioni 2.7. Watu walimiminika kutoka Poland, Italia, Ireland, na Wamarekani weusi kutoka majimbo ya kusini. Burgess akasema mji kama ule hupanuka kutoka kitovuni kwenda nje. Kitovuni kuna biashara. Linalofuata ni eneo la mpito, lenye nyumba chakavu za kupanga, ambako mgeni hufikia. Kisha makazi ya wafanyakazi wa viwandani, kisha wenye kipato kizuri zaidi, na mwisho wale wanaoingia mjini asubuhi na kutoka jioni. Kinachowasukuma wote ni bei ya ardhi na ushindani wa kuipata.

Sasa itazame Mbeya. Mji ulianza mwaka 1927, siku za machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, chini ya utawala wa Waingereza. Katika miji ya kikoloni ya nchi hii hukusubiri bei ya kiwanja ikuambie ukae wapi. Rangi yako ilishakuambia. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: majina haya tumeyazoea hadi hatuyasikii, ilhali ni ramani ya mipango miji iliyobaki mdomoni baada ya sheria zake kufutwa. Mwanafunzi akiandika "Uhindini" katikati ya duara la Burgess bila kusema nani alimtenga nani, amekosa nusu ya somo.

Halafu kuna umbo. Milima imeubana mji, Loleza ikiwa juu yake upande wa kaskazini, na barabara kuu ya kwenda Zambia ikapita chini. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975, ikaweka stesheni yake Iyunga. Mji ukajinyoosha kufuata njia hizo, kutoka Uyole mpaka Iyunga na kuendelea kuelekea Mbalizi. Ni kamba, si duara. Homer Hoyt, mchumi wa Marekani aliyeandika mwaka 1939, angetusaidia zaidi hapa, maana yeye alisema miji hukua kwa vipande vinavyofuata njia za usafiri. Hata hivyo Hoyt naye hasemi kwa nini mji wa juu ulibaki na ofisi huku pilikapilika zikishuka Mwanjelwa na Kabwe. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika jiji la Mbeya. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Hao zaidi ya 156,000 walioongezeka wamekaa mahali fulani, na wengi hawakupangiwa na mtu. Wamenunua kipande kwa mwenyeji, wakamwaga msingi, wakasubiri hela ya matofali.

Nilimjibu: Mwanjelwa haiingii kwenye duara lolote. Usiilazimishe. Nenda kasimame pale.

Hapa mwanafunzi wa mtandaoni ana neema ambayo wengi hawajui wanayo. Tanzania si wageni wa elimu ya mbali. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na tangu hapo maelfu wamesoma wakiwa kazini na nyumbani kwao. Lakini bado namsikia mwanafunzi akiomba radhi kwamba yeye "anasoma kwa simu tu", kama vile elimu halisi iko kwenye ukumbi wa mihadhara. Kwa somo hili ni kinyume chake. Robert Park, mwenzake Burgess, alikuwa mwandishi wa habari kabla hajaingia chuoni, na wanafunzi wake aliwatoa nje kwenda kuuchunguza mji. Wangu hawana haja ya kutolewa. Wamepanga chumba ndani ya somo, wanachota maji ndani ya somo, wanapanda bajaji asubuhi ndani ya somo.

Niliwahi kuliharibu hili mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha mubashara kwa saa mbili mfululizo, kila Jumamosi. Kijana mmoja wa wilayani Chunya akaniandikia kwa adabu kubwa kwamba kipindi kimoja changu kinakula bando lake la wiki nzima, na bado mtandao unakatika kabla sijafika kwenye hoja. Niliumia, kwa sababu alikuwa anaikosa kozi kwa kosa langu. Siku hizi natuma sauti fupi za dakika kumi na mbili, matini wanazopakua mara moja, na mjadala tunaufanya kwa maandishi. Muda wote uliobaki ni wa mtaani.

Kuna dhana nyingine ninayopambana nayo: kwamba elimu hii ilizaliwa Ulaya na Marekani ikatufikia ikiwa imepikwa tayari. Ni kweli mwanasosholojia Georg Simmel aliandika Ujerumani mwaka 1903 juu ya mtu wa mji mkubwa anayejikinga na msongamano kwa kujifanya hajali. Lakini katika miaka ya 1930, mtafiti Godfrey Wilson na mkewe Monica walikuwa Rungwe wakichunguza maisha ya Wanyakyusa. Mwaka 1938 Godfrey akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, taasisi ya utafiti wa jamii huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na akafanya utafiti kwa wafanyakazi wa mgodi wa Broken Hill. Wakoloni walipenda kumwona Mwafrika aliye mjini kama mpita njia, mtu wa kijijini aliyekuja kutafuta pesa ya kodi. Wilson alionyesha kwamba wengi walikuwa wameshatumia sehemu kubwa ya utu uzima wao mjini. Mji wa Broken Hill leo unaitwa Kabwe, jina lilelile analolitaja kondakta wetu akitaka abiria wa Mwanjelwa washuke. Vijana wa Rungwe nao walikwenda migodini, Lupa, Rhodesia na Afrika Kusini. Babu wa mwanafunzi wangu huenda alikuwa ndani ya historia ya somo hili kabla mjukuu hajajisajili.

Turudi kwa mwalimu wa Ilomba. Zoezi lilikuwa hivi: chagua mita kumi za ukingo wa barabara, zipime kwa hatua, usizibadilishe. Nenda asubuhi, mchana na jioni, kwa siku tatu. Andika unachokiona tu. Siku ya nne ndiyo uulize. Kabla ya yote pita ofisi ya mtaa na barua yako, jitambulishe kwa mtendaji na mwenyekiti, na picha usipige bila ruhusa ya mtu.

Alichagua kipande jirani na soko, likizo ya Juni, baridi ikiwa kali. Saa kumi na mbili asubuhi kulikuwa na mama wa chai na chapati: jiko la mkaa, benchi moja, ndoo mbili, na wateja waliolizunguka jiko kuota moto kuliko kunywa chai. Saa tatu mama akafunga. Benchi halikuondoka. Dada mmoja akatandika turubai, akamwaga mitumba, na lile benchi likawa mahali pa kukunjia sweta zilizochaguliwa. Saa kumi na moja jioni dada akakunja turubai lake, akaja kijana na karai la mafuta na viazi, akawasha mkaa uliobaki kwenye jiko la asubuhi. Benchi likarudi kukaliwa na walaji.

Siku ya nne akauliza nani alipanga hivi. Mama wa chai akamjibu: "Hapa pangu mpaka saa tatu. Nikichelewa kuamka nimekula muda wangu mwenyewe, siwezi kula wa dada." Benchi ni la kijana wa chipsi. Jiko ni la mama. Dada wa mitumba hana chombo, lakini mvua ikinyesha turubai lake huwafunika wote watatu.

Niliisoma kazi ile mara tatu. Keith Hart, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Accra kwa wahamiaji kutoka kaskazini mwa Ghana, ndiye aliyelieneza wazo la sekta isiyo rasmi kwa makala yake ya 1973. Jina hilo limetusaidia kuona kwamba hawa watu wanafanya kazi. Lakini lina ubaya wake: linamfanya msomaji adhani hakuna utaratibu pale. Hapa kuna haki ya kumiliki iliyogawanywa kwa saa, kuna mipaka, kuna ukopeshanaji wa vyombo, na hakuna karatasi hata moja. Sasa mpe mwanafunzi historia: sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ingeweza kumhesabu mtu kama mama wa chai kuwa hana kazi na kumrudisha kijijini. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018, kwa shilingi 20,000, vikamtambua. Mwaka 2021 machinga wakaondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Mpangaji wa mji anahesabu watu na vizimba. Kizimba ni cha mtu mmoja, kutwa nzima. Akija na daftari saa nne asubuhi ataona dada wa mitumba peke yake, atampa kizimba, na wale wawili hawatakuwa wamehesabiwa kabisa. Hili sikulisoma popote. Nilifundishwa na mwanafunzi wangu.

Tatizo linalobaki ni lugha. Matini ni za Kiingereza, mtaa ni wa Kiswahili, na mtu akianza kuandika ripoti hulitupa neno zuri alilolisikia na kuweka la kitabuni. Nawaambia waliache "mwenyeji" libaki "mwenyeji", "kumpisha mtu" ibaki "kumpisha mtu". Neno "makazi holela" ninaliogopa zaidi, maana limeshahukumu kabla hujauliza. Anayeishi pale anasema "kwetu".

Louis Wirth, naye mwanasosholojia wa Chicago, aliandika mwaka 1938 kwamba ukubwa wa mji, msongamano na mchanganyiko wa watu hulegeza undugu na ujirani, na watu wakabaki kujuana juujuu. Tulikuwa tumeanza kumjadili wiki mbili baada ya kazi zile kusahihishwa, mwalimu wa Ilomba alipoandika tena. Alikuwa amepita pale kwenye mita zake kumi saa moja asubuhi, akakuta hakuna moshi. Mama wa chai alikuwa amefiwa na amekwenda kuzika Rungwe. Kijana wa chipsi na dada wa mitumba, ambao si ndugu zake wala si kabila lake, walikuwa wamechanga rambirambi na kumsindikiza mpaka kwenye gari. Wiki nzima, kutoka saa kumi na mbili mpaka saa tatu, pakabaki patupu. Watu wengi wanakitafuta kipande kama kile, na hakuna aliyeweka hata ndoo. Dada wa mitumba alifika mapema siku moja, akakaa kwenye benchi na mzigo wake miguuni, akasubiri saa tatu ifike ndipo akatandika.