Mvuvi wa Mshipi Hanuni: Dhana Potofu na Ukweli Kutoka Wesha

Tangu nikiwa mtoto, nimekaa tezini kwenye ngalawa ya ami yangu, nasikia watu wa pwani ya Wesha, kisiwani Pemba, wakisema maneno yale yale juu ya mvuvi wa mshipi, yule anayevua kwa uzi na ndoana. Wanaoyasema ni watu wema, na wengine wanakula samaki tuliowavua sisi. Lakini wanaikosea kazi hii, na wanawatisha vijana wanaotaka kujifunza.

Dhana: samaki wakisikia maneno hukimbia, kwa hiyo mvuvi lazima anyamaze.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Sauti ya mtu ikishuka kutoka hewani na kukuta uso wa maji, karibu yote hurudi juu. Kinachomfikia samaki ni mgongano wa chombo chenyewe: pondo likianguka, chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, likitupwa juu ya mbao, nanga ikiburuzwa. Majini sauti hukimbia kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Samaki hana masikio ya nje, ila anayo ya ndani, na ubavuni ana mstari unaohisi mtikisiko wa maji. Ndiyo maana ami alituacha tucheke mpaka machozi yatoke, lakini ukidondosha kopo la kukumbia maji, siku hiyo ungemjua.

Na kicheko kilikuwa na kazi yake. Asiyepata hata mmoja mpaka jua la utosi alikuwa akiulizwa bei ya karafuu, maana huyo keshakuwa mtu wa shamba. Naye hucheka, hubadilisha chambo, hurudisha mshipi majini. Aliyenuna huvuta kwa hasira, na hasira hukata uzi.

Dhana: mshipi ni bahati tu, unakaa unangoja.

Kwanza anayetoka Wesha kuelekea kisiwa cha Misali anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 4 pwani zetu, na mkondo hubeba uzi hata chubwi lisikae chini. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, uzi ukasimama wima. Tena sisi Pemba tuna kilindi upande wa magharibi, mamia ya mita kwenda chini kati yetu na Bara, wakati bahari iliyo kati ya Unguja na Bara ni maji mafupi. Ukikosea mahali pa kutia nanga, mshipi wako hauna chini ya kugusa.

Halafu kuna kidole. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada, na hapo ndipo unaposoma. Changu hudonoa mara mbili tatu, kama mgeni anayebisha hodi. Chewa habishi hodi. Uzi unakuwa mzito tu, kisha unaelekea pangoni, na akishaingia hutanua matamvua akajikaza kwenye jiwe. Nilipokuwa kijana nilishindana na mmoja wa namna hiyo. Uzi ukazama nyamani, na kovu liko hapa kwenye pingili ya pili. Ami akaushika mshipi, akaulegeza, akakaa. Nilidhani amemwachia. Baada ya muda chewa, alipoona havutwi tena, akatoka mwenyewe. Ami akaniambia, "Hata wewe mwanangu, asubuhi hutoki kitandani kwa kuvutwa."

Dhana: pono hashiki ndoana kwa sababu amelala.

Usingizi wa pono ni wa kweli, lakini ni wa usiku. Baadhi ya aina zake hujifunika ute mwili mzima, zikalala ndani yake. Mchana yuko kazini, anakwangua miani kwenye matumbawe kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na matumbawe anayoyasaga huyatoa yakiwa mchanga mweupe. Kipande chako cha ngisi hakimshughulishi. Huyo ni wa dema, mtego wa kufumwa unaozamishwa chini.

Wanaosema samaki hana kumbukumbu niwajibu kwa ufupi: samaki hujifunza mahali pa chakula na wakati wake.

Dhana: chewa mdogo ni dume au jike, haidhuru, mradi mkubwa yupo.

Aina nyingi za chewa huanza maisha zikiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakua. Mwamba ukiondolewa wakubwa wote, madume ndio wa kwanza kukosekana. Ukiondolewa wadogo, hakuna wa kukua akageuka. Ami hakulisoma hili popote, wala mimi sikulijua wakati akiwa hai. Siku hizi nikimpata chewa asiyefika urefu wa dhiraa, ninamtoa ndoana mkono ukiwa umelowa, ninamrudisha. Wenzangu wananitazama, kisha mmoja wao ananiuliza bei ya karafuu.