13 Reasons Why na wahakiki wake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 31 Machi 2017 Netflix iliachia kwa mkupuo sehemu 13 za msimu wa kwanza wa 13 Reasons Why, tamthilia ya Kimarekani iliyotokana na riwaya ya Jay Asher ya mwaka 2007. Hadithi inapoanza, Hannah Baker, mwanafunzi wa sekondari huko California, ameshajiua, na ameacha kanda saba za kaseti ambamo, upande baada ya upande, anawataja watu anaowahesabu kuwa sababu ya kifo chake. Kwa kuwa Netflix ilikuwa imefungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130 mwezi Januari 2016, Kenya na Tanzania zikiwamo, kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aliweza kuitazama siku ileile aliyoitazama mwenzake wa San Francisco. Mabishano yaliyofuata hayajaisha hadi leo, na mengi yanayokaririwa kuyahusu ama hayakutokea ama yalitokea kwa namna nyingine.

Dhana: wahakiki waliikataa tamthilia hii tangu mwanzo

Msimu wa kwanza ulipokewa vizuri. Tovuti ya Metacritic, inayokusanya tahakiki za magazeti na kuzipa wastani, iliupa alama 76 kati ya 100, na katika Rotten Tomatoes, tovuti nyingine ya aina hiyo, zaidi ya robo tatu ya wahakiki waliusifu. Waigizaji ndio waliosifiwa kuliko yote: Katherine Langford aliyecheza Hannah, ambaye aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji bora wa kike wa tamthilia, Dylan Minnette aliyecheza Clay Jensen, mvulana anayezisikiliza kanda hizo, na Kate Walsh aliyemwigiza mama wa marehemu kwa huzuni isiyo na makeke. Lawama za wahakiki katika siku hizo za mwanzo zilihusu ufundi zaidi ya kitu kingine. Riwaya ambayo Clay anasikiliza kanda zote kwa usiku mmoja ilikuwa imevutwa hadi ikajaza saa 13, na wengine walisema Hannah amegeuzwa kitendawili cha kuteguliwa na mvulana anayempenda, badala ya kuwa mtu kamili mwenye maisha yake.

Kukataliwa kulikuja baadaye. Msimu wa pili, wa Mei 2018, haukupata sifa hata kutoka kwa theluthi moja ya wahakiki wa Rotten Tomatoes, na ule wa tatu, wa Agosti 2019, haukufikisha robo. Msimu wa pili ulikuwa na tukio la mwanafunzi kushambuliwa kikatili na wenzake katika sehemu ya mwisho, na wengi walioonyesha uvumilivu mwaka mmoja kabla waliona kwamba sasa mateso yanaonyeshwa ili yashtue tu. Anayechanganya mapokezi ya mwaka 2017 na yale ya mwaka 2019 anapoteza jambo la msingi, kwamba wahakiki wa televisheni na wataalamu wa afya ya akili walikuwa mabaraza mawili tofauti. Mwaka 2017 baraza la kwanza lilikuwa likipima kama hadithi imesimuliwa vizuri, wakati la pili likiuliza kama inaweza kumdhuru mtazamaji. Kazi moja inaweza kufaulu kwa mizani moja na kuanguka kwa nyingine, tena kwa tukio lilelile.

Dhana: wataalamu walilalamika kwa sababu hawataki vijana wazungumziwe habari za kujiua

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa kuwa inawageuza watu waliotumia maisha yao kuzungumzia kujiua kuwa watu wa kufunika kombe. Hakuna mtaalamu makini wa kinga ya kujiua anayeshauri ukimya. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani; utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba swali hilo, likiulizwa kwa utulivu, mara nyingi humpunguzia mzigo. Chama cha Kitaifa cha Wanasaikolojia wa Shule cha Marekani kilitoa taarifa mapema mwaka 2017 kikisema kwamba vijana walio katika hali tete, hasa wenye dalili zozote za mawazo ya kujiua, wasishauriwe kuitazama, na papo hapo kikawataka wazazi na walimu wakae na vijana ambao wameshaitazama, wazungumze nao.

Lawama ilikuwa juu ya namna ya kusimulia. Shirika la Afya Duniani limeweka miongozo inayojulikana: usionyeshe kitendo chenyewe wala njia iliyotumika, usikipambe kifo hicho wala kukifanya kionekane kama suluhisho, usikitaje kuwa kimesababishwa na jambo moja, na uonyeshe kwamba msaada upo na unafaa. Ukiziweka sehemu hizo 13 mbele ya miongozo hiyo, utaona zilivyokwenda kinyume chake karibu kila hatua. Kitendo kilionyeshwa kwa takribani dakika tatu bila kukatwa. (Sitaeleza kilivyokuwa, makala inayojadili miongozo hii haina udhuru wa kuivunja.) Hannah, ingawa amekufa, anaendelea kusema, kusikilizwa, kulaumu na kushinda, waliomkosea wanafichuliwa, na mvulana aliyempenda anampenda zaidi. Hayo ni mambo ambayo mauti hayampi mtu yeyote, na kijana mwenye hasira na uchungu ndiye hasa anayehitaji kulijua hilo. Mshauri wa shule, mtu mzima wa mwisho aliyeendewa, anaonyeshwa akishindwa kabisa, na neno sonona, maradhi yanayohusishwa na vifo vingi vya aina hii, halipewi nafasi.

Tena si kweli kwamba watayarishaji hawakuwa na washauri. Walikuwa na madaktari wa magonjwa ya akili waliopitia maandishi ya sehemu kadhaa, na msimu uliambatanishwa na kipindi kifupi cha maelezo ambamo wataalamu walisikika. Hata hivyo, Dan Reidenberg, aliyekuwa mkuu wa shirika la Kimarekani la SAVE linaloshughulikia kinga ya kujiua, alieleza kwamba Netflix ilimwomba ushauri kabla ya tamthilia kutoka, naye akawaambia wasiitoe. Jibu alilopata ni kwamba hilo haliwezekani. Brian Yorkey, aliyeibuni tamthilia kutoka katika riwaya, na Nic Sheff, mmoja wa waandishi wake, nao walikuwa na hoja isiyo ya kudharauliwa. Sheff aliandika katika jarida la Vanity Fair kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa karibu kujiua, alizuiwa na kumbukumbu ya mwanamke aliyemsimulia kinaganaga jaribio lake. Akaamini kwamba uchungu ukionyeshwa bila kufichwa utamrudisha mtu nyuma. Ni hoja ya dhati. Udhaifu wake ni kwamba yule mwanamke alikuwa hai, ameketi mbele yake, akisimulia jinsi alivyonusurika, na Hannah hakunusurika.

Dhana: imethibitishwa kwamba tamthilia hii iliua watoto 195

Idadi hiyo ina chanzo cha kweli, ila haisemi kile inachosemeshwa. Mwezi Aprili 2019 mtafiti Jeff Bridge na wenzake, kwa ufadhili wa Taasisi ya Kitaifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walichapisha uchambuzi wa vifo vya kujiua nchini humo tangu mwaka 2013. Walikuta kwamba mwezi Aprili 2017, mwezi wa kwanza baada ya tamthilia kutoka, kiwango cha vifo hivyo kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 17 kilikuwa juu kwa asilimia 28.9 kuliko kilivyotarajiwa, na kwamba tangu Aprili hadi Desemba kulikuwa na vifo 195 zaidi ya makadirio katika umri huo. Mwezi mmoja baadaye Thomas Niederkrotenthaler wa Vienna na wenzake wakatoa uchambuzi wao, wenye ongezeko la asilimia 13.3 kwa wenye miaka 10 hadi 19 katika miezi mitatu ya kwanza.

Vichwa vya habari viliishia hapo, lakini ndani ya takwimu hizo mlikuwa na jambo la kutatiza. Katika utafiti wa Bridge ongezeko lililokuwa na uzito wa kitakwimu lilikuwa la wavulana, ilhali aliyejiua katika hadithi ni msichana, na nadharia ya kuigana inasema anayeathirika zaidi ni yule anayefanana na mhusika kwa jinsi na umri. Uchambuzi wa pili ulikuta kinyume chake, kwamba kwa uwiano wasichana ndio walioongezeka zaidi. Isitoshe, tafiti zote mbili zilitumia takwimu za taifa zima. Hakuna ajuaye nani kati ya marehemu hao aliitazama tamthilia na nani hakuwahi kuisikia. Watafiti wenyewe waliandika waziwazi kwamba hawawezi kudai kuwa tamthilia ndiyo iliyosababisha.

Mwezi Januari 2020 Daniel Romer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alizirudia takwimu za Bridge kwa kuzingatia kwamba vifo vya vijana wa Marekani vilikuwa tayari vinapanda mwaka hadi mwaka. Aligundua kwamba kwa wavulana kiwango kilikuwa kimeshapanda mwezi Machi, kabla tamthilia haijatoka, kwa hiyo kupanda kwa Aprili hakuwezi kuwekwa mlangoni mwake kirahisi. Kwa wasichana aliona ongezeko dogo linaloelekea upande wa kuigana, lakini halikutosha kutegemewa. Jambo la haki kusema, basi, ni kwamba kulikuwa na sababu nzuri ya kuwa na wasiwasi, na kwamba ushahidi wa vifo umebaki na utata.

Dhana: kama hivyo ndivyo, basi ilikuwa kelele tupu

Utata wa takwimu za mwezi mmoja haufuti yaliyojulikana kwa miongo kadhaa. Mwaka 1981 televisheni ya ZDF ya Ujerumani Magharibi ilionyesha tamthilia ya sehemu sita kuhusu mwanafunzi wa kiume aliyejiua, kisha ikairudia mwaka 1982. Armin Schmidtke na Heinz Häfner walipozichambua takwimu walikuta kwamba vifo kwa njia ileile viliongezeka baada ya maonyesho, na vikaongezeka zaidi kwa vijana wa kiume wa miaka 15 hadi 19, yaani wale waliofanana na mhusika. Hali hiyo mwanasosholojia David Phillips alikuwa ameshaipa jina mwaka 1974, akiiita athari ya Werther, kwa kumbukumbu ya riwaya ya mwandishi Mjerumani Goethe ya mwaka 1774 iliyodaiwa kuwafanya vijana wa Ulaya wamuige mhusika wake, Werther.

Kuhusu 13 Reasons Why yenyewe, utafiti wa John Ayers na wenzake ulionyesha kwamba katika siku 19 za kwanza utafutaji wa maneno yanayohusu kujiua katika Google nchini Marekani ulikuwa juu kwa asilimia 19 kuliko ilivyotarajiwa. Hapa tena habari zilikata nusu ya matokeo: walioongezeka ni wenye kutafuta njia za kujiua na vilevile wenye kutafuta namba za simu za msaada. Na utafiti wa Florian Arendt, ambao Romer pia alishiriki, uliwachunguza vijana wa miaka 18 hadi 29 kabla na baada ya msimu wa pili, ukakuta kwamba walioacha kutazama katikati walikuwa katika hatari kubwa zaidi, huku wanafunzi walioufikisha mwisho wakipungukiwa na mawazo ya kujidhuru na wakiwa tayari zaidi kumsaidia mwenzao. Athari si moja kwa watazamaji wote. Wanaoumizwa ni wachache ambao tayari wameelemewa, nao ndio ambao wastani wa kitaifa huwameza.

Dhana: tamthilia inaonyesha kwamba uonevu ndio unaoua

Jina lenyewe la tamthilia linauza wazo hili. Uonevu shuleni huongeza hatari, hilo halina ubishi, na tamthilia ilistahili sifa kwa kuonyesha jinsi picha moja iliyosambazwa kwenye simu inavyoweza kumharibia msichana jina kwa siku moja. Lakini wengi mno wa wanaoonewa hawajiui, na anayejiua huwa amefikwa na mambo mengi yaliyosukana pamoja, maradhi ya akili yakiwa miongoni mwake mara nyingi. Orodha ya sababu 13 humwachia mtazamaji picha ya hesabu iliyolipwa.

Dhana: Netflix iliiondoa, na nchi nyingine ziliipiga marufuku

Misimu yote minne ilitoka, wa mwisho tarehe 5 Juni 2020. New Zealand, nchi yenye kiwango cha juu sana cha vijana wanaojiua miongoni mwa nchi tajiri, ilibuni daraja jipya liitwalo RP18, ambalo halikukataza bali lilitaka aliye chini ya miaka 18 aitazame akiwa na mzazi au mlezi. Kilichokumbana na majaribio ya kuzuiwa ni riwaya, ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani kiliitaja kuwa kitabu kilicholalamikiwa kuliko vyote nchini humo mwaka 2017.

Netflix yenyewe iliongeza maonyo kwanza, Mei 2017, na mwaka uliofuata ikaweka video ya waigizaji wakiwahimiza watazamaji watafute msaada. Tukio la zile dakika tatu lilibaki mahali pake hadi Julai 2019, miaka zaidi ya miwili baadaye, lilipokatwa kwa ushauri wa wataalamu, akiwamo Christine Moutier, daktari mkuu wa Taasisi ya Marekani ya Kinga ya Kujiua. Anayeufungua msimu wa kwanza leo humwona Hannah akijitazama kwenye kioo, kisha picha inahamia kwa wazazi wake wanaomkuta. Hakuna anayeshindwa kuelewa kilichotokea, na uso wa Kate Walsh katika sekunde zile unabeba yote ambayo Yorkey alisema alitaka tuyaone.