Skwati mia kwa siku hazikuzi makalio

Nimeulizwa tena wiki hii: "Kocha, napiga skwati mia kila siku, yaani nachuchumaa na kusimama, mbona makalio hayaongezeki?" Hayaongezeki kwa sababu mwili umeshazoea. Ukiweza kupiga mia mfululizo, hilo limekuwa zoezi la pumzi. Msuli hukua ukibebeshwa mzigo unaokaribia kuushinda: unaweka chuma chini ukiwa umebakiza nguvu ya marudio mawili au matatu tu. Marudio uliyopiga yawe 8 au 20 ni sawa, mradi ya mwisho yawe mazito kweli.

Skwati yenyewe haina kosa. Watu huishia nusu njia. Shuka mpaka nyonga zipite usawa wa magoti, maana makalio hufanya kazi kubwa msuli unapovutika kule chini. Visigino vikinyanyuka, weka kibao chini yake.

Zoezi linaloharibiwa kuliko yote ni kuinua nyonga mgongo ukiwa kwenye benchi na chuma kikiwa juu ya nyonga. Benchi la sentimita 35 hadi 40 linawatosha wengi, na ukingo wake ukae chini kidogo ya mabega, usifike shingoni. Ukiwa juu, miundi isimame wima. Nyayo zikienda mbali mno, misuli ya nyuma ya paja inapora kazi. Zikisogea karibu mno, paja la mbele ndilo linalowaka. Na kidevu kielekee kifuani, tafadhali! Anayetazama dari hupinda kiuno akadhani amepanda, kumbe nyonga haijanyooka. Kesho yake kiuno kinauma, zoezi linalaumiwa. Punguza kilo, kaza tumbo, tulia juu sekunde moja, ndipo ushuke polepole.

Mara mbili kwa wiki, jumla ya seti 10 hadi 15 (seti ni mfululizo mmoja wa marudio kabla ya kupumzika), inatosha kuanzia. Ukifikisha marudio uliyopanga, ongeza kilo 2.5. Protini iwe karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako: mwenye kilo 60 anahitaji gramu 96, na maharage peke yake hayafiki huko kirahisi. Ongeza mayai, dagaa, maziwa.

Ile mipira ya kufunga magotini nina shaka nayo. Inachoma, ndiyo, lakini kuchoma si kukua. Mimi naitumia kupasha mwili tu. Krimu haziujengi msuli hata kidogo. Na upana wa mifupa ya nyonga haubadilishwi na chuma, kwa hiyo usijipime kwa picha ya mwenzako. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha pale palipojaa zaidi, asubuhi kabla ya kula, kila baada ya wiki nne.