Mahakama na uchaguzi: yanayosemwa vijiweni Dodoma na yalivyo

"Mahakama zetu hazijawahi kuigusa serikali kwenye mambo ya uchaguzi." Hili nalisikia sana kwenye vijiwe vya kahawa pale Majengo, na linaniudhi, maana jibu lake liko hapa hapa mjini. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma, akitaka Mtanzania aruhusiwe kugombea bila kudhaminiwa na chama. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi.

Sasa tazama tarehe nyingine. Muswada wa kubadili Katiba ili kumzuia mgombea binafsi ulikuwa umeshafikishwa bungeni tangu 16 Oktoba, hukumu haijasomwa. Tarehe 2 Desemba ukapitishwa, na Januari 1995 ukatiwa saini. Uchaguzi wa mwaka huo ukafanyika bila mgombea binafsi hata mmoja. Mtikila hakuchoka: mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena, lakini 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakaona hilo ni jambo la kisiasa, Bunge ndilo lilimalize. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ikasema Tanzania imekiuka haki. Mgombea binafsi hayupo hadi leo.

Mtawala asiyetaka kuulizwa hana haja ya kumpigia jaji simu usiku. Anamwachia kesi za viwanja, mirathi na talaka, zinaamuliwa vizuri tu, halafu anamchorea mstari kwenye yale yanayogusa kiti chake.

"Kama rais kashinda kwa hila, si waende mahakamani kama Wakenya?" Waende wapi? Fungua Katiba, Ibara ya 41(7): mgombea akishatangazwa na Tume ya Uchaguzi kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlalamikaji siku 7 kufungua shauri na majaji siku 14 kuamua, ndiyo maana matokeo yakafutwa tarehe 1 Septemba 2017. Kwetu hata ukiwa na ushahidi wa kujaza lori, hakuna dirisha la kuupokelea. Mahakama ya Afrika ilisema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Serikali ilikuwa imeshatoa notisi Novemba 2019 ya kujitoa kwenye tamko linalomruhusu mwananchi kwenda Arusha moja kwa moja.

Kwa ubunge ni tofauti, na wengi hawalijui hili. Matokeo ya jimbo yanapingwa Mahakama Kuu. Godbless Lema alivuliwa ubunge wa Arusha Mjini Aprili 2012, akarudishiwa na Mahakama ya Rufani Desemba.

"Jaji aliyeteuliwa na rais hawezi kumgeuka." David Maraga aliteuliwa na Rais Uhuru Kenyatta kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2016, na mwaka uliofuata ni yeye aliyeongoza mahakama iliyofuta ushindi wa Kenyatta. Malawi, Februari 2020, majaji watano walifika mahakamani wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakafuta ushindi wa Peter Mutharika. Hata kwetu, jaji haondolewi kirahisi: lazima iundwe tume ya kumchunguza, ambayo angalau nusu yake ni majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Mimi kinachonitia shaka zaidi ni kwamba jaji akifika umri wa kustaafu, rais ndiye anayeweza kumwongezea muda.

"Tume sasa ni huru." Jina lilibadilika 2024, kweli. Mwenyekiti bado anateuliwa na rais, na Ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza jambo ambalo Tume imelifanya katika kutekeleza kazi zake.

Mwaka 2025 tuliyaona haya kwa karibu. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alizuiwa kurudisha fomu za urais. Pamoja na ibara hiyo, tarehe 11 Septemba Mahakama Kuu hapa Dodoma ikasema Tume imekosea, fomu zake zipokelewe. Zikapokelewa. Tarehe 15, baada ya pingamizi ambamo Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye alikuwamo, Tume ikamwondoa tena. Shauri jingine halikumrudisha, na Oktoba 29 watu wakapiga kura bila jina lake kwenye karatasi.