Maji safi yanaonekana mafupi kuliko yalivyo

Nenda Coco Beach, Dar es Salaam, msimu wa kusi, maji yakijaa, uyatazame mawimbi. Upepo unatoka kusini-mashariki, na kule mbali mawimbi yanakuja mshazari. Yakikaribia ufukwe hujigeuza, hata yanapovunjika yanakuwa karibu sambamba na mchanga. Kinachoyageuza ni kina cha bahari.

Kwenye maji mafupi, mwendo wa wimbi hutegemea kina. Penye mita 4, wimbi refu, yaani lenye vilele vilivyoachana mbali, hukimbia takriban mita 6.3 kwa sekunde. Penye mita 1 hukimbia nusu ya hapo, mita 3.1. Wimbi lililokuja mshazari huanza kugusa maji mafupi kwa upande mmoja. Wafikirie watu walioshikana mikono, wakitembea bega kwa bega: wa upande mmoja wakiingia kwenye tope, safu nzima hugeukia tope. Huo ndio mpindo wa mawimbi, na chanzo chake ni hicho tu, mabadiliko ya mwendo.

Mwanga nao ni wimbi. Hewani huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini karibu 225,000. Mwali unaotoka sakafu ya bwawa kuja machoni, ukishatoka majini kwa mshazari, huongeza mwendo na kupinda. Jicho haliioni kona hiyo. Huuchukulia mwali kana kwamba umenyooka tangu ulikotoka, kwa hiyo sakafu huonekana iko juu kuliko ilipo.

Jaribu nyumbani. Weka sarafu ya shilingi 200 ndani ya bakuli la bati, rudi nyuma mpaka ukingo uifiche, kisha mwenzako amimine maji taratibu asiisogeze. Sarafu itachomoza, nawe hujainua hata kichwa.

Ninaandika haya hasa kwa ajili ya wazazi. Anayetazama wima kutoka juu huona robo tatu tu ya kina: bwawa la mita 1.5 huonekana la mita 1.1 hivi. Mtoto wa kimo cha mita 1.4 ataamini kabisa kwamba akiruka atasimama na kichwa kitabaki nje. Macho yake ni mazima, lakini mwanga umempa kipimo pungufu, na maji yatamfunika. Akitazama kwa mbali, kutoka ukingoni, mwali hupinda zaidi na maji huonekana mafupi zaidi. Ndiyo maana sehemu ya mbali ya bwawa humdanganya kuliko ile iliyo miguuni pake.

Kwa hiyo fuata namba za kina zilizoandikwa ukingoni. Kama hazipo, zamisha ufito mpaka uguse chini. Usiukadirie ukiwa bado majini, kwa sababu utaonekana umevunjika usawa wa maji na sehemu iliyozama itaonekana fupi. Utoe kwanza, ndipo upime palipolowa.