Je, wajua kwa nini panya wenye jeni zilezile hutoa kingamwili tofauti dhidi ya kemikali moja?

Panya wa maabara wa ukoo wa C57BL/6 wamezalishwa kaka kwa dada vizazi na vizazi, hadi wanafanana kijeni kama pacha. Wadunge NP, kemikali ndogo yenye pete moja ya kaboni na kundi la nitro pembeni. Ikiwa peke yake, mwili hauishughulikii. Ibandike kwenye protini kubwa, na kinga inaamka. Kemikali za namna hii mwanasayansi Karl Landsteiner aliziita hapteni mwaka 1921.

Ajabu ni kwamba NP ni kazi ya wanakemia. Mababu wa panya hawa hawakuwahi kukutana nayo. Mbona basi kingamwili za kuishika zipo, tena za aina nyingi?

Kwa sababu hazisubiri kuagizwa. Kila seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, kabla haijaona adui yeyote, hukata na kuunga vipande vya jeni zake. Kingamwili huundwa kwa minyororo ya protini ya aina mbili, mzito na mwepesi. Kwa mnyororo mzito huchukua kipande kimoja cha kundi liitwalo V kati ya takriban 100, kimoja cha kundi D, na kimoja cha kundi J kati ya 4, kisha kwenye maungio huongeza au kupoteza herufi kadhaa za DNA ovyoovyo. Mwanasayansi Susumu Tonegawa alionyesha mwaka 1976 kwamba jeni hizi hupangwa upya, na mwaka 1987 akatunukiwa Nobel. Ni kama nguo zilizoshonwa tayari: zikiwa nyingi sana hukosi inayokuingia, ingawa mabega yatapwaya.

Kupwaya huko hurekebishwa baadaye. Ndani ya wengu na tezi za limfu, seli zilizoinasa NP huzaliana kwa kasi, huku kimeng'enya kiitwacho AID kikichokoachokoa herufi za jeni zao za kingamwili. Nyingi huharibika na kufa. Chache hushika vizuri zaidi, nazo ndizo hubaki. Kwa kuwa uchokoaji huo ni wa kubahatisha, kila panya huishia na mkusanyiko wake.

Hata hivyo si vurugu tupu. Wengi wao huanza na kipande kilekile cha V, kiitwacho VH186.2, pamoja na mnyororo mwepesi wa aina iitwayo lamda. Kisha, kwa panya mmoja baada ya mwingine, asidi amino (tofali la protini) iitwayo triptofani, iliyo nafasi ya 33 ya mnyororo mzito, hugeuka nyingine iitwayo lusini, na nguvu ya kuishika NP hupanda takriban mara 10. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Kila mmoja amefika hapo kivyake, kwa herufi moja tu ya DNA: G imekuwa T.