Ngozi ya mbanguaji korosho na maneno ya barazani

Mikindani, chini ya mwembe, kina mama wanabangua korosho. Mafuta ya maganda yanaunguza vidole, ngozi inabambuka, na baada ya wiki kadhaa imeshaota nyingine. "Mwanangu," aliniambia mmoja wao, "seli hugawanyika kwa watoto. Mtu mzima hakui tena." Nikamwomba atazame vidole vyake.

Seli za ngozi, za utumbo na za uboho wa mifupa hugawanyika maisha yote. Kwanza seli hunakili kromosomu zake 46, yaani vifurushi vinavyobeba maelekezo ya urithi, huzipanga katikati, kisha nyuzi nyembamba huvuta nakala moja huku, nyingine kule. Neno "kugawanyika" linatupotosha kidogo, tunadhani ni kama mkate uliokatwa vipande viwili. Hapa hakuna anayepata nusu, kila seli inaondoka na 46 zake.

Nusu iko kwenye yai na mbegu ya kiume: 23. Mkulima wa korosho anaijua tofauti hii hata kama hakusoma baiolojia. Mche uliobebeshwa hufuata mti uliotoa tawi. Ukipanda mbegu, iliyounganisha nusu mbili, huna hakika utapata nini.

Kwenye nusu hiyo ndipo lilipo jibu la wanaosema mtoto mwenye hali ya Down kazaliwa hivyo kwa sababu mama yake alivunja mwiko akiwa mjamzito. Mara nyingi kosa hutokea kabla mimba haijatungwa: yai linatengenezwa, kromosomu namba 21 mbili hazitengani, mtoto anakuwa na 47. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosogea. Mara chache kosa hutoka kwa baba, ila huyo sijasikia akisemwa.

Saratani nayo wengine huiita kitu cha kutumwa. Hapana, ni seli za mgonjwa mwenyewe zilizopoteza breki. Kwa kawaida seli iliyokosea kunakili husimamishwa irekebishwe, ikishindikana hujiua. Mlinzi mmojawapo ni protini iitwayo p53, na jeni yake hukutwa imeharibika katika takriban nusu ya saratani za binadamu. Kosa moja mara nyingi halitoshi, yanajikusanya kwa miaka, ndiyo maana saratani nyingi huja ukubwani.

Basi kunywa kikombe kimoja na mgonjwa hakukuambukizi. Kinachoambukiza ni kirusi cha HPV, ambacho huivunja p53 ndani ya seli za mlango wa kizazi na kinaweza kuleta saratani hapo. Chanjo yake wasichana wetu wanapewa tangu 2018.

Na lile la "uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa"? Aliyekatwa akafa, mara nyingi uvimbe ulikuwa umeshapeleka seli zake kwenye ini au mapafu kabla ya kisu. Waliowahi wakakatwa wakapona, barazani hawatajwi. Wako zao shambani, wanapulizia mikorosho salfa.